Kufundisha “run into”, “go off” na ndugu zake kwa utani wa darasani

Mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Dodoma akisema, “Jana nimepanda miti mitatu,” mwenzake hatakawia kudakia, “Ukashukaje?” Darasa litacheka, na hakuna atakayeomba kuelezwa. Wote wamesikia “panda” mbili kwa mpigo mmoja: ya kuotesha na ya kukwea.

Sikio hilo hilo ndilo linalotakiwa kwenye sentensi kama “I ran into my teacher at Majengo Market.” Anayetafsiri neno kwa neno atapata mtu aliyekimbia akaingia ndani ya mwalimu wake. Msemaji anamaanisha alikutana naye sokoni bila kutarajia, ila maneno hayo hayo yanaweza pia kumaanisha alimgonga. Mwenzake akiuliza, “Was he hurt?”, ameshafanya utani wa miti mitatu, safari hii kwa Kiingereza.

Mwongozo huu ni wa walimu wa Kiingereza wa sekondari na wa vikundi vya kujisomea. Vitabu huviita vitenzi hivi “phrasal verbs”. Hapa tutaviita vitenzi vya maneno mawili, ingawa vichache vina matatu. Tunavifundisha kwa utani kwa sababu utani unapima. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba “put down” ni kudhalilisha na bado asielewe chochote. Akicheka mahali panapostahili kicheko, ujue amezisikia maana zote mbili.

Anzia kwenye “cheka”

Kabla ya Kiingereza, andika ubaoni: cheka, chekea, chekesha, chekelea, chekana. Waulize wanafunzi tofauti zake. Watazitaja bila shida, maana wamezaliwa nazo. Hapo ndipo uwaoneshe kwamba Kiswahili hubadilisha maana kwa kugeuza mkia wa kitenzi, na Kiingereza, kwa kuwa hakina mikia hiyo, hukiacha kitenzi kilivyo na kukipa kijineno cha kufuatana nacho: at, off, up, down, out.

Kosa la kwanza litajitokeza papo hapo. Kwa Kiswahili tunasema “wamenicheka”, mtendwa akiwa ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi huandika “They laughed me.” Kiingereza hakikubali: ni “They laughed at me.” Mwambie kwamba “at” ndiyo inayomfikisha mtendwa, kama “-ni-” inavyomfikisha kwetu. Kisha weka “laugh off” pembeni yake. “He laughed off the mistake” ni kwamba alilichukulia kosa kwa kicheko ili lisimuume. Kicheko ni kile kile, kijineno kimebadilika, na maana imehama kutoka kuonewa hadi kujikinga.

Baadhi watauliza kwa nini maana ya kitenzi haipatikani kwa kujumlisha maneno yake. Wakumbushe piga pasi, piga mswaki, piga simu, piga picha. Hakuna anayechapa pasi. “Give up” nayo haina kutoa wala juu, maana yake ni kukata tamaa au kuacha.

Tena vitenzi hivi vimekwisha kuingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Gari la pikapu limetoka kwenye “pick up”, mekapu ya bibi harusi kwenye “make up”, brekidauni inayovuta magari yaliyoharibika kwenye “break down”, na nokauti ya ndondi kwenye “knock out”. Yaandike maneno hayo manne kwa Kiswahili, uwaachie wanafunzi watafute asili yake. Dakika tatu zinatosha, na watajua kwamba hawaanzi na mikono mitupu.

Vitenzi sita, si ishirini

Orodha ndefu ya kukariri ndiyo inayoua somo hili kuliko kitu kingine chochote. Vitenzi sita kwa kipindi vinatosha, na viwe vya jambo moja. Kwa mada ya ucheshi chagua hivi: crack up, make up, take off, put down, fall for, die down. Vinasaidia kuzungumzia vichekesho, na ndani yake mna tabia zote tatu za kisarufi zitakazoelezwa baadaye.

“Crack up” ni kuangua kicheko, au kumfanya mtu aangue kicheko: “I cracked up”, “She cracks me up”. “Crack” ni kupasuka, na sisi tunasema fulani ametuvunja mbavu. Lugha zote mbili zimeona kwamba kicheko kikubwa hupasua kitu, basi tumia picha hiyo na hawataisahau.

“Make up” ni kutunga: “He made up a story.” Ni pia kupatana baada ya ugomvi, na kujipodoa. “Take off” ina kazi nyingi. Ndege huruka, mtu huvua viatu, na katika Kiingereza cha Uingereza mchekeshaji humwigiza mtu ili watu wacheke: “She can take off any politician.” Wanafunzi huipenda sana hii ya mwisho, kwa kuwa wanajua kumwigiza kila mtu shuleni.

“Put down” ni kuweka chini, na ni kumshusha mtu hadhi mbele za watu. “Fall for” ni kuingia mkenge, kuamini uongo, lakini pia kumpenda mtu ghafla. “Die down” ni kufifia, kama moto, upepo au kicheko. Hiki cha mwisho mwalimu akitumie mwenyewe kila darasa linapolipuka: “Let's wait for the laughter to die down.” Baada ya vipindi viwili hakitahitaji tafsiri.

Kijineno kikae wapi

Hapa ndipo marudio mengi yanapohitajika. Mpe mwanafunzi jaribio moja tu: weka “it” au “him” mahali pa nomino, uone kinachotokea.

Kwa crack up, make up, take off na put down, kiwakilishi lazima kiingie katikati. Ni “He made it up”, “Don't put him down”. “He made up it” ni kosa, wala hakuna sentensi itakayoliokoa. Nomino kamili ina uhuru: “He made up the story” na “He made the story up” zote ni sawa. Kwa “fall for” hakuna kinachoingia katikati: “I fell for it”, kamwe si “I fell it for”. Kwa “die down” hakuna mtendwa kabisa. Kicheko hufifia chenyewe.

Fanyeni hivi kwa miili. Waite wanafunzi watatu mbele, mmoja ameshika kadi ya MADE, mmoja UP, mmoja THE STORY. Wapange mstari. Kisha mpe wa tatu kadi ya IT na mwambie atafute nafasi yake. Akienda mwishoni, darasa limrudishe katikati. Rudia kwa FELL, FOR, IT, ambapo IT hairuhusiwi katikati. Kadi ziandikwe kwa maka peni, herufi zenye urefu wa kiganja, ili wa dawati la nyuma asome. Upande mmoja wa boksi la sabuni unatoa kadi nne.

Sauti nayo ni nusu ya kazi. Kiingereza hukazia kijineno katika vitenzi vya aina ya “make up”: make it UP, put him DOWN, die DOWN. Katika vitenzi vya aina ya “laugh at” na “fall for” mkazo hubaki kwenye kitenzi: LAUGH at him, FALL for it. Kitenzi kikigeuka nomino, mkazo hurudi mwanzo, na ndiyo maana mekapu kwa Kiingereza ni MAKE-up. Msemaji wa Kiswahili amezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kijineno kinachofunga sentensi hukimeza. Wapigishe meza kidole mara moja, pale tu penye mkazo. Kidole kikigonga “make”, kirudi.

Jambo jingine ni kwamba maneno haya hushikana. “Made it up” husikika kama neno moja, “meiditap”. Mwanafunzi anayesubiri kusikia maneno matatu yaliyotengana hatayasikia kamwe, na atadhani Mwingereza anasema haraka. Yasemwe yakiwa yameshikana tangu siku ya kwanza.

Utani wa mistari miwili unavyotengenezwa

Chagua kitenzi chenye maana mbili. Msemaji wa kwanza aseme sentensi ya kawaida kabisa, inayompeleka msikilizaji kwenye maana moja. Wa pili ajibu kana kwamba amesikia ile nyingine. Basi, hakuna mstari wa tatu.

“The milk has gone off.”
“Don't worry. It will come back.”

Maziwa yamechacha, wa pili amesikia kwamba yameondoka. Huu ni mzuri kuanzia, kwa sababu “go off” ni ya ajabu kwelikweli. “The alarm went off” ni kwamba kengele imelia. “The lights went off” ni kwamba taa zimezimika. Kijineno ni kile kile, kimoja kinaanza kupiga kelele na kingine kinanyamaza. Onesha hilo kabla ya mtihani, maana kwenye ufahamu wanafunzi wengi hudhani kengele “ilizimwa”.

“The baby cries whenever I put him down.”
“Then say something kind to him.”

Wa kwanza anazungumzia kumlaza mtoto, wa pili amesikia kumdhalilisha.

“My teacher told me to pick up some English.”
“Did you find any on the floor?”

“Pick up” hapa ni kujifunza lugha kwa kuisikia kwa watu, kama anavyojifunza kijana anayeuza zabibu kwa wageni. Wa pili ameinama kuokota.

Sasa angalia huu, ambao wanafunzi huutunga mara kwa mara:

“Take off your shoes.”
“My shoes cannot fly.”

Unachekesha kidogo, kisha unakwama. “Take off” ya kuvua inahitaji kitu kinachovuliwa, na ile ya kuruka haichukui mtendwa. Msikilizaji akiirudia sentensi ya kwanza kichwani, maana ya pili haiingii humo. Ndiyo tofauti na “put him down”, ambapo mtoto anafaa kotekote. Kwa hiyo utani wa mwanafunzi ukidoda, usimwambie hauchekeshi. Mwambie aisome sentensi ya kwanza mara mbili, kila mara kwa maana moja. Isipokaa sawa mara zote mbili, abadilishe sentensi. Hapo atakuwa anafanya sarufi ya kina bila kuhimizwa, na kwa maoni yetu hili ndilo zoezi lenye faida kubwa kuliko yote yaliyomo humu.

Mambo mengine mawili huua utani. La kwanza ni kueleza kabla. Ukitaja maana zote mbili za “go off” kisha ukatoa mfano wa maziwa, hakuna atakayecheka. Toa utani, subiri, ndipo ueleze. La pili ni kuutafsiri. “Maziwa yamechacha. Usijali, yatarudi” ni upuuzi, kama ambavyo “miti mitatu” haiwezi kwenda kwa Kiingereza. Utani wa aina hii unaishi ndani ya neno lake, na neno likibadilika unakufa.

Dakika arobaini zenyewe

Dakika 5 za kwanza ni za miti mitatu na ya “cheka”. Dakika 10 ni za vitenzi sita, kila kimoja kwa sentensi mbili za mwalimu na moja ya mwanafunzi. Dakika 5 ni za kadi na mkazo. Dakika 12 wanatunga katika makundi ya wanne wanne. Dakika 8 zilizobaki ni za kuigiza.

Darasa la wanafunzi 48 lina makundi 12, na ndani ya dakika 8 yataigiza sita tu, kwa kuwa kutoka dawatini hadi mbele nako kunakula muda. Mengine yaanze kipindi kinachofuata. Ni marudio ya bure. Wakiwa zaidi ya 60 usiwahamishe. Walio madawati ya mbele wageuke nyuma, kundi limepatikana.

Kwenye kutunga, kila kundi lipewe kitenzi kimoja tu, tena ukichague wewe. Yakiachiwa yachague, makundi manane yataleta “take off”. Vinavyofanya kazi vizuri ni go off, put down, pick up, run into, fall for, na pia “bring up”, ambayo ni kulea, kuanzisha mada, na kutapika.

Kwenye kuigiza, wa pili anyamaze kidogo kabla ya kujibu, ahesabu moja, mbili kimoyomoyo. Wengi hukimbiza jibu kwa woga na wasikilizaji hawapati nafasi ya kuingia kwenye maana ya kwanza. Aidha asicheke yeye kabla ya wenzake.

Kuuzungumzia utani kwa Kiingereza

Kucheka ni kitu kimoja, kueleza kwa nini umecheka ni kingine, na cha pili ndicho kinachowapa wanafunzi maneno ya kukaa nayo. Andika fremu hizi pembeni ya ubao zibaki hapo wiki nzima:

“I cracked up when…”
“It is funny because … can mean … or …”
“I didn't get it.”
“It went down well.”
“It fell flat.”

“Get” peke yake hapa ni kuelewa utani. “Go down well” ni kupokelewa vizuri na wasikilizaji, na “fall flat” ni kudoda. Kila kundi linapomaliza kuigiza, wanafunzi wawili waseme sentensi moja moja. Mwenye Kiingereza kidogo ataanza na “I didn't get it”, na hiyo ni sentensi kamili, sahihi, yenye manufaa maishani. Usimfanye aione aibu.

Mkishazoea, leteni jambo letu. Mada bora kuliko zote ni kumweleza mgeni utani ni nini: kwa nini babu anamwita mjukuu wa kike “mke wangu” na hakuna anayekasirika, kwa nini mtani huweza kufanya mzaha hata msibani, na kwa nini aliyetaniwa hana budi kuuchukulia kwa kicheko. Kiingereza cha kila siku hakina neno moja la utani wa namna hii, kwa hiyo mwanafunzi analazimika kuujenga kwa vitenzi: “Watani joke around even at a funeral. They make up stories about the dead man. The family laughs it off.” Sentensi tatu, vitenzi vitatu vya maneno mawili, na jambo analolijua kuliko mtungaji wa kitabu chake.

Hapo hapo tenganisheni utani na dhihaka. Kipimo ni kwamba mtani anaweza kurudishiwa, na anayedhihakiwa hawezi. Mfano uko mlangoni kwetu. Ule mzaha wa “ombaomba” unaowaandama Wagogo wakifika Dar es Salaam hauna utani ndani yake. Ni “put down”, na mtoto wa Kigogo aliyeko darasani ana haki ya kusema kwa Kiingereza fasaha, “That is not a joke. You are putting us down.” Wafundishe wote sentensi hiyo. Kwa “take off”, sheria iwe moja kabla ya kuanza: igizeni kazi, msiigize mtu. Kondakta wa daladala sawa, mtangazaji wa mpira sawa. Mwenzenu mwenye kigugumizi hapana, hata akisema hajali.

Makosa ya kuwinda kwenye madaftari

“Of” na “off” huchanganywa kila siku: “Turn of the light”, “We have run out off water.” “Of” hutamkwa kwa v mwishoni, “off” kwa f. Wakitamka tofauti, wataandika tofauti.

“Cope up with” imezoeleka Afrika Mashariki nzima, lakini sahihi ni “cope with”. Kinyume chake, “I will pick you at the station” imepoteza kijineno. Iwe “pick you up”, hasa sasa ambapo watu wanapokeana stesheni ya treni ya SGR kila siku. Na kwa kuwa “nitashuka hapo mbele” hugeuzwa kuwa “I will drop there”, fundisha “get off”: “I will get off at the next stop.”

“Put off” ni kuahirisha, “call off” ni kufuta kabisa. Mkutano uliofanyiwa “put off” bado upo. Katika barua ya kikazi, waelekeze watumie “postpone” na “cancel”. Vitenzi vya maneno mawili ni vya mazungumzo na barua za kirafiki, na mtahini huliona hilo.

Kadi za marudio

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa hutoa kadi nane, yaani vitenzi sita na mbili za akiba. Upande mmoja andika sentensi yenye pengo, kwa mfano “Nobody believed him, he had ___ the whole story ___”. Upande wa pili andika kitenzi na alama ya mkazo. Usiandike tafsiri ya Kiswahili peke yake, kwa sababu mwanafunzi atakariri “kutunga” na kuiacha nafasi ya “it”.

Kadi zipitiwe kesho yake, kisha siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Inayokosewa hurudi mwanzo wa safari, na kadi nyingine ziendelee bila kuisubiri. Siku ya kumi na nne acha sentensi zenye mapengo, ulizia utani: mwanafunzi avute kadi, apewe dakika moja, atoe mistari miwili. Akishindwa kutoa utani lakini akatoa sentensi sahihi yenye kiwakilishi mahali pake, kadi imepita. Akitoa utani uliochekesha huku “it” imekaa mwishoni, cheka naye, kisha kadi irudi siku ya kwanza.